Ini la Njano la Mbuzi Aliyekonda

Mjukuu wangu Adan,

Salaam aleikum. Mama yako amepona homa, alhamdulillahi. Mjomba wako ameuza lori. Huku Burat mvua imetupita tena, na sina hamu hata ya kutazama mawingu.

Umeniuliza kama nimewahi kuona jambo unalolisomea kwa panya wa maabara, kwamba mnyama akikosa chakula cha kujenga mwili, ini lake hujaa mafuta. Nimeliona.

Miaka ya themanini, nikiwa msichana, ukame ulitukuta Garbatulla. Baba alichinja mbuzi mwenye mimba aliyeshindwa kusimama. Alikuwa mifupa na ngozi, lakini ini lake lilikuwa la njano, likiteleza mkononi kwa mafuta. Baba alisifika kwa kutabiri kwa kutazama matumbo ya wanyama. Akaligeuza lile ini, akacheka.

"Mbuzi wetu bado wana akiba ndani," akasema. "Watafika mpaka mvua. Hatuhami."

Majirani wakahama na mifugo yao. Sisi tukabaki, na mbuzi wetu wakaisha wote. Mengine sitayaandika.

Sasa unanieleza kwamba haikuwa akiba. Mwili wenye njaa ulikuwa unayeyusha mafuta yake ya mwisho, na ini likazidiwa, likashindwa kuyachoma. Kumbe Baba aliyaona mafuta kweli, ila hakujua yametoka wapi.

Alikufa akiilaumu mvua. Endelea na panya wako, Adan. Lakini ukigundua kwamba mbuzi wetu wangepona kama tungehama siku ile, tafadhali usiniandikie.

Nyanya yako,
Halima