Mkeka Unaozunguka Kitanda

Agadez, 4 Novemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Joto la huko likoje? Uchovu je? Mbuzi wanapata majani? Mimi ni mzima, ila usingizi unanikimbia. Kuta za bweni ni za saruji. Upepo unagonga na kurudi. Nyumbani ulipita kwenye mabua ya mkeka uliosimamishwa kuzunguka kitanda chetu hemani, ukinong'ona, nami nikalala kabla haujamaliza neno. Juzi niliota natembea juu ya mkeka huo nikifuata ukanda mwekundu wa ngozi uliosukwa kati ya mabua. Sikufika mwisho.

Mwanao, Ghaisha

Kambini, 20 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Joto lipo, uchovu upo, mbuzi wanakula hata kamba zangu. Nimeanza kusuka mkeka wako, ule ambao mama humsukia binti yake kwa ajili ya hema lake. Mjomba wako anataka ukiisha tu, wewe na mwanawe Akamuk mjenge hema, muoane. Nikamwambia, "Binti anasoma." Akacheka: "Kitabu kinazuia upepo?"

Wewe unataka nini?

Mama

Agadez, 9 Desemba

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mikono je, haijachoka? Akamuk simchukii. Nilipochomwa na mwiba alinibeba mgongoni mpaka kisimani. Lakini nataka kufanya mtihani wa Juni, niendelee, nije kuwafundisha watoto wa kambini. Nakuomba usiumalize mkeka. Nisamehe.

Mwanao, Ghaisha

Kambini, 2 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Ombi lako limeniuma. Mama yangu hakunifundisha kazi ya nusu. Nitaumaliza.

Mjomba wako huja kuupima kwa shubiri. "Dada, vidole vimezeeka?" Namwambia, "Vimezeeka, njoo usuke wewe." Anakimbilia chai.

Mama

Agadez, 18 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Dereva wa lori la chumvi anasema ameuona mkeka umekwisha, umekunjwa penye mlango wa hema. Basi, nitarudi. Naomba tu nifanye mtihani kwanza.

Mwanao, Ghaisha

Kambini, 30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sikujibu kwa sababu nilikuwa sijajua la kusema. Sasa najua. Lori lililokuletea barua hii limebeba mkeka wako. Uzungushie kitanda chako.

Mjomba wako alikuja kuuliza siku ya harusi. Nikamwambia, "Mkeka unakwenda kusimamishwa hemani, na mwenyewe yumo ndani tayari."

"Ndani ya hema gani?"

"La kwake. Liko bwenini, Agadez."

Chai ilimpalia. Kwetu hema ni la mwanamke, hilo hata yeye hawezi kulipinga. Anayemtaka mwenye hema hungoja nje mpaka aitwe. Akamuk ndiye aliyeupandisha mkeka kwenye lori. Alisema nje hakuna baridi.

Mama

Agadez, 11 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mikono yako naibusu kutoka huku. Wasichana walinicheka: "Ghaisha kahamia jangwani!" Leo baada ya chakula wanne wamejibana kitandani kwangu. Dirisha liko wazi. Upepo umefika, unapita kwenye mabua, unanong'ona. Wenzangu wamelala wote.

Ukanda mwekundu nimeufuata kwa kidole, pole pole, mpaka mwisho. Umeishia penye mto wangu, na juu ya mto pana daftari.

Mtihani ni kesho, mama. Macho yanajifumba. Upepo umeanza neno.

Mwanao, Ghaisha