Chuma Hakikulia Siku Ile

Machimbo ya Mawe,
Sanduku la Posta 9,
Ruiru.
14 Septemba 1958

Mpendwa Kisilu,

Nakusalimu katika Bwana. Kifua chako kimepona? Joto la Mombasa umelizoea? Sisi tunalala na kuamka, Mungu asifiwe. Mama yako, dada yangu Kalondu, anakula kidogo.

Simu ilikwambia ndugu yako Muthoka tumemzika, haikueleza zaidi. Nakueleza mimi mjomba wako.

Ile stesheni yetu ndogo ya machimboni ilifungwa Juni. Mawe sasa yanakwenda kwa lori. Niliajiriwa pale 1936, bati likiwa jipya na benchi moja tu. Treni ikikaribia, nilipiga kwa nyundo kile chuma kilichoning'inia stesheni. Wachimbaji wote walitoka shimoni kupakia mabehewa, ndipo baruti ilipowashwa. Miaka ishirini na miwili hakuumia mtu. Muthoka alikuwa akinipigia kelele, "Mjomba, leo hukula? Piga!"

Treni ilipokoma, nyapara alisema niendelee kupiga chuma, kwa ajili ya baruti. Watu walishazoea, bila chuma hakuna anayetoka.

Tarehe mbili mwezi huu nilitumwa kung'oa milango ya stesheni. Nyundo ya kupigia chuma nilikwenda nayo, ning'olee misumari, na sikumwachia mtu kazi yangu. Lori zilikuwa zinangoja, wenzake Muthoka wako juu wakipakia, baruti ikawashwa bila chuma kupigwa. Muthoka alikuwa bado shimoni. Nilisikia mlipuko nikiwa nimeshika mlango. Nikauweka chini polepole, usipasuke. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Kesho yake nyapara alileta karatasi inayosema chuma kilipigwa, Muthoka akapuuza. "Mzee, tia sahihi tu, watu warudi kazini." Nilitia. Sasa mkewe Kamene na watoto wameambiwa watoke nyumba ya machimbo mwisho wa mwezi, eti marehemu alijiletea mwenyewe.

Nasali, maneno yanatoka, lakini ni kama anasali mtu mwingine.

Leo baada ya ibada nimewaambia mama yako na Kamene. Kamene aliuliza, "Mjomba, utayasema haya mbele ya Mzungu?"

Kesho nakwenda Thika kwa D.C., yule Mzungu mkuu wa wilaya, kuikana sahihi yangu. Wanaweza kunifukuza, au kunifunga. Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja ni yako, nyingine nitakuwa nayo mfukoni. Mdomo ukikataa, waisome.

Msalimie mkeo Nekoye. Mungu akufunike huko bandarini.

Ni mimi nikupendaye, nawe nimekukosea,
Mjomba wako,
Zacharia Kilonzo