Mafuta Yameshuka, Macho Hayajafuata

Muskati,
Alhamisi jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Natumaini baridi ya huko Mamba haijakushika kifua, na kwamba unakula vizuri. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hautulii. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nalifunga tena. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja macho unanihamishia kwenye habari za tangawizi yako shambani. Barua huwezi kuikatiza. Wifi Nakiete, msomee mama yote, usiruke.

Mama, unamfahamu Bibi Zuwena, mzee ninayemtunza, yule aliyekulia Unguja. Kabla ya Ramadhani alianza kumwaga kahawa pembeni ya kikombe. Siku moja akaniita, "Namsifu, fundi gani kaweka mlango huu? Mbona umepinda?"

Nikamwambia mlango umenyooka. Akanigeukia, akasema, "Basi na uso wako una doa katikati. Nakuona masikio tu."

Bibi alikuwa na mafuta mengi kwenye damu kwa miaka. Aliacha samli, akameza vidonge, vipimo vikawa vizuri, na watu wote humu ndani wakaamini macho nayo yatarudi. Wakangoja. Hayakurudi. Hospitali walipiga picha nyuma ya jicho, wakatuonyesha vitone vya manjano na mahali mishipa midogo inapovuja. Mwanawe, Salim, ndiye aliyenitafsiria. Nikauliza kama ni yale mafuta ya damu.

Daktari akasema uhusiano upo, lakini wataalamu wenyewe bado wanauchunguza; hata wenye vipimo vizuri wanaugua. "Vidonge ni kwa ajili ya moyo na mishipa, asiviache. Ila jicho hili haliponi kwa vidonge hivyo. Lina tiba yake, na haitaki kuchelewa."

Alichomwa sindano kwenye jicho. Najua hapo umeshika shavu, mama. Walimtia ganzi kwanza. Bibi akaniminya mkono, akaanza dua, na sindano ikaisha kabla ya dua. Jicho la kushoto lilikuwa limechelewa, katikati pamebaki giza. La kulia bado wanalichoma mara kwa mara, na limepona kiasi. Juzi nampa uji, akanitazama, akacheka: "Kumbe una mwanya! Na siku zote hizi hukuniambia!"

Nikacheka naye, kisha nikaenda jikoni nikalia. Nilikumbuka ulivyosema mistari ya kitabu cha nyimbo inapanda na kushuka. Na ukaongeza, "Same wamenipima, mafuta yameshuka, macho yatafuata." Mama, yanaweza yasifuate.

Ndiyo maana nilimwomba kaka Elifuraha akuzibe jicho moja moja, utazame mlango. Usimgombeze. Ulimwambia, "Usimwambie Namsifu," naye alijaribu kunificha, lakini sauti yake ilimsaliti. Nguzo ya mlango umeiona imepinda.

Najua unamfikiria shangazi, aliyekwenda kutibiwa akarudi haoni. Mama, shangazi alikwenda giza limeshaingia. Wewe bado unaona hata kuchambua mchele. Labda ni ugonjwa mwingine kabisa. Mimi si daktari. Waachie waangalie wao. Jumatatu panda gari la asubuhi na kaka, mteremke Same. Wakisema Moshi, nendeni Moshi. Tangawizi haiozi ardhini kwa wiki moja.

Nimeomba likizo. Salim alisita, akasema mkataba haujaisha. Bibi akamkatiza kutoka kitandani: "Mwache aende. Mamake naye ana haki ya kumuona mwanawe." Basi nimeruhusiwa, nakuja mwisho wa mwezi. Lakini usinisubiri mimi. Nenda Jumatatu.

Nisalimie baba mdogo na ng'ombe wake, mjomba anayelima mpunga kule Ndungu, na mama mchungaji anayekushika mkono mkishuka ngazi za kanisa. Wifi, asante kwa macho yako.

Mama, nikishuka garini sitasema neno. Nitasimama barabarani kimya. Nataka wewe ndiye uniite jina.

Mwanao,
Namsifu