Mke wa Kiongozi Hafungi Mzigo

Dada yangu Malian,

Mahindi yameota, na Agat naye ameota jino. Waingereza wamejenga ngome shambani kwetu. Kesho mume wangu Plaswa anawaongoza wapiganaji kwenda kuichoma.

Nilimwambia, "Baba Agat, tukimbilie kwa dada."

Akacheka. "Mke wa kiongozi wa vita akifunga mzigo, kijiji kizima kitafunga. Nibaki na nani, ng'ombe wa Waingereza?"

Basi nabaki, ingawa naogopa. Mtoto ndiye anayekuja kwako. Mama mkwe atambeba kama anayekwenda kuchuma matunda. Kengele za ubao wa kumbebea mgongoni nimezing'oa, zisisikike msituni. Mtafutie mama mwenye maziwa wa kumnyonyesha.

Sasa hivi ananyonya. Akiachia titi, nampa bibi yake.

Mdogo wako,
Katlin