Mstari Unaokaa Chini ya Nukta

Jumatatu, 8 Septemba
Nyumbani kijijini, Burungu. Asubuhi maharage, mchana hesabu. Mstari wangu umelala tena chini ya nukta. Nukta ni vipimo vya mashine inayogonganisha protoni. Mstari ni hesabu yangu ya jinsi kwaki nzito, chembe ndogo kuliko protoni, na kinyume chake zinavyozaliwa, zikashikamana, zikawa chembe moja. Napata chembe chache mno. Inakera.

Jumatano, 10 Septemba
Nimepanda kilimani kutafuta mtandao. Ujumbe wa Profesa kutoka Goma: nisipoeleza pengo hilo kufikia Jumatatu, nibadili mada ya tasnifu. Kazi yote hii! Anapendekeza nipime mionzi ya udongo. Udongo ninao kwenye kucha, sitaki mwingine. Nimekasirika hadi nikasahau kununua chumvi.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimekagua kila hatua. Rangi za kwaki (jina tu la aina ya chaji yake), uwezekano wa kushikamana. Sioni kosa. Roho juu.

Ijumaa, 12 Septemba
NIMEPATA! Mimi na Papa, baba yangu, tulipeleka maziwa kwa mtengeneza jibini. Akamsifu Papa kwa maziwa mengi ya ng'ombe wake. Papa akacheka: "Ngombe yangu iko mbili tu. Ingine ni maziwa ya Mama Furaha na ba jirani, tunachanganyaka mu bidon moja."

Kwetu maziwa huitwa ya aliyeyabeba. Nimekua hivyo, sijawahi kuuliza. Na chembe nimezifanyia vilevile, kana kwamba zote zina chanzo kimoja! Nukta zinahesabu zote zilizofika. Mimi nimehesabu zilizozaliwa moja kwa moja tu. Nyingine zimetoka kwa chembe nzito zaidi, zilizovunjika njiani. Mjinga mimi! Nimemwacha Papa na bidoni tupu, dumu letu la maziwa, nikakimbia hadi nyumbani.

Jumamosi, 13 Septemba
Nimeziongeza. Mstari unapanda! Unapanda! Nimepiga kelele, Mama akadhani nyoka. Nukta nyingi zimeguswa. Zile za chembe zenye mwendo mdogo, bado. Hapo modeli yenyewe inashindwa, si mimi. Nimeandika hivyo wazi, bila kupamba. Nimepanda kilima na kutuma. Sasa naogopa.

Jumatatu, 15 Septemba
Profesa amejibu. Mada inabaki yangu. Pengo lililobaki liwe sura ya mwisho.

Nimemsomea Papa jibu hilo. Akauliza, "Basi kazi imeisha?"

"Hapana, Papa. Sasa njo inaanza."

Akanisogezea sahani ya viazi. Tumekula. Mvua imenyesha kidogo.