Kibla na Barabara

Bunda, Ijumaa

Nimewaeleza wajumbe wa kamati ya ujenzi kwa upole tangu baada ya sala, na kila nilipoeleza wakaniongezea chai.

Ramani ya msikiti wetu mpya imenakiliwa kutoka msikiti wa kale wa Uturuki, wa enzi za masultani wa Kiosmani. Ni mzuri, sikatai: kuba kubwa limekalia nusu-kuba, uzito unashuka kidogo kidogo hadi ukutani. Lakini Uturuki iko kaskazini mwa Makka, hivyo mihrabu yao, pale anaposimama imamu kuelekea Makka, inatazama kusini. Sisi tuko kusini mwa Makka. Fundi amenakili yote, hata kibla yao.

“Tukijenga hivi tutaipa Makka kisogo,” nikasema.

Mwenyekiti wetu, Ramadhani, akakuna ndevu. “Sasa Mzee, tukiugeuza, mlango utatazama zizi la jirani. Watalii wanapitaga barabarani, wataona mgongo tu!”

“Waone.”

Kamati ikatafakari, ikapata dawa: jengo libaki hivyo hivyo, ndani tuchore mshale sakafuni na tusali tukielekea mlangoni. Basi wachelewaji wataingia wakitutazama usoni, kama wakaguzi wa shule.

Msingi unachimbwa Jumatatu, lakini lazima mmoja wa wazee wa msikiti asaini ramani, naye ndiye atakayeandikwa kwenye jiwe la msingi. Sijasaini. Ramadhani hakukasirika, akasema tu, “Usijali Mzee, wazee wapo.”

Ni kweli, wapo. Nawajua wote, na hakuna asiyetamani kuona jina lake kwenye jiwe hilo.

Hata mimi natamani.