Chumba cha Mzee Pask Kimepungua Sinia la Chai

Bi. Glenys wa ukurasa wa ushauri, salamu nyingi, na kabla sijafika kwenye shida yangu ujue kwanza unaandikiwa na mtu wa namna gani, maana mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye huombwa, safu nzima ya nyumba za Tannery Row wananiita Mjomba Lester, na mimi ndiye niliyebeba bafu la chuma mgongoni hadi ghorofani likiwa limejaa maji ya moto na mke wangu yumo ndani anaoga, halikumwagika tone, shahidi ni yeye mwenyewe ingawa siku hizi anakana. Shule niliiacha mapema kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa la kunifundisha.

Sasa, nina nyumba moja ya kupangisha, wapangaji wanne, na wa zamani kuliko wote ni Mzee Alwyn Pask, kondakta mstaafu wa treni, anakaa kile chumba kidogo cha juu kwa nyuma mwaka wa kumi na moja huu, na kila Jumapili napanda kucheza naye dhumna, namshinda kila mara, isipokuwa zile mara anazonishinda. Basi halmashauri yetu ikaamua kila mwenye nyumba ya wapangaji wengi lazima awe na leseni, wenzangu wakalia, mimi nikacheka, nikasimama baa mbele ya watu thelathini nikasema, "Nyumba yangu wakiiona watanipa leseni mbili, moja ya kutumia na moja ya kutundika!"

Akaja mkaguzi, Bi. Nasreen Kauser, mama mpole mwenye kile kidude cha kupimia kinachotoa mwanga mwekundu, akapima vyumba vitatu akaridhika, alipofika kwa Mzee Pask akapima mara moja, akapima mara ya pili, kisha akaniangalia kama daktari anavyomwangalia mgonjwa.

"Bwana Brearley, chumba cha kulala mtu mzima kinatakiwa kiwe mita za mraba sita nukta tano moja. Hiki kimepungua."

"Kimepungua nini?"

"Kama sinia la chai hivi."

"Sinia la chai! Mama, mimi nimelala ndani ya pipa la bia wiki mbili nikiwa na homa, na nikarefuka humo humo!"

"Pipa haliombewi leseni. Nitarudi Jumatatu ijayo, tuone utafanyaje."

Jioni ile baa wakaniuliza, vipi Mjomba, umefaulu? Ulimi ukaniteleza, nikasema nimepata alama kubwa kuliko nyumba ya meya, wakaninunulia bia, sasa maji yameshamwagika, na Mzee Pask mwenyewe alikuwa palepale ananipigia makofi.

Nikaanza kazi kimya kimya. Kwanza nilichukua msumeno nikakipunguza kitanda chake futi moja na nusu, chumba kikawa kama uwanja, ila miguu ya Mzee ikabaki nje ikabidi niiwekee stuli. Pili, nilisoma kwenye barua niliyoletewa na halmashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka kumi anaruhusiwa chumba kidogo zaidi, nikampigia simu Bi. Kauser nikamuuliza kama Mzee Pask tunaweza kumwandika ana miaka tisa, maana akishindwa dhumna hununa vilevile, akasema haiwezekani, na akaniomba nisimpigie tena saa ya chakula cha mchana. Tatu ndiyo nikaingia ukutani. Wewe unazijua hizi nyumba zetu, karatasi za ukutani hakuna anayezibandua, kila anayehamia hubandika zake juu ya za mwenzake, nikabandua maua, chini yake mistari, chini yake meli, chini yake maua tena, tabaka saba, nikapima, nimepata unene wa biskuti. Nikaingia kwenye plasta. Nikachukua tindo nikaingia kwenye tofali, na mkono wangu unavyojulikana kwa nguvu, tindo likatokea upande wa pili, kwa jirani, Muriel Ackroyd, katikati ya picha yake ya farasi.

"Lester Brearley! Hilo chuma lako linatafuta nini chumbani kwangu?"

"Nakagua unyevu, Muriel."

"Unyevu uko kichwani mwako. Litoe kwenye farasi wangu!"

Nikalitoa, na tofali zima likalifuata. Hapo ndipo Mzee Pask aliporudi kutoka dukani na mkate wake kwapani, akaangalia kitanda, akaangalia stuli, akaangalia jicho la Muriel ukutani, akakaa chini polepole akasema, "Lester, kama unataka niondoke, niambie kwa mdomo. Usiniambie kwa msumeno."

Bi. Glenys, ningeweza kumwambia ukweli dakika ile. Nikamwambia namwekea hewa safi. Sasa anafunga mizigo, Jumamosi anakwenda kwa dada yake huko pwani, ambaye hawajasemezana tangu walipogombania saa ya ukutani ya marehemu mama yao, na dada mwenyewe amejibu kwa neno moja, "Njoo." Mimi nimewahi kusimamisha gari la maziwa kwa paja, lakini juzi nilimkuta anakunja soksi zake, nikashuka ngazi nikakaa jikoni sijui nifanye nini.

Nisaidie. Hilo tundu nilizibe au nitangaze ni dirisha? Na unene wa ukuta nao hauwezi kuhesabiwa kama chumba?

Wako mwenye nguvu,
Lester Brearley

BI. GLENYS ANAJIBU

Bwana Brearley, nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa kucheka, ya pili nikiwa nimeshika kichwa.

Tumalize upumbavu kwanza. Kinachopimwa ni sakafu. Kitanda hakipimwi, miguu ya mpangaji haipimwi, na unene wa ukuta si chumba hata ukiuingia mwenyewe ukakaa humo. Tundu si dirisha likitazama kitandani kwa Muriel. Leo hii mgongee mlango, mwombe radhi, na umlipie fundi wa kuziba ukuta na picha mpya ya farasi. Usizibe mwenyewe. Mikono yako nimeshaiogopa.

Pili, hukusoma barua ya halmashauri hadi mwisho, na naijua sababu: ulisoma ulipopungukiwa ukaona aibu ukaikunja. Chumba kikipungua, mtu hatupwi barabarani Jumatatu. Halmashauri inaweza kukupa muda wa kurekebisha, hata mwaka na nusu. Mpigie Bi. Kauser leo, baada ya chakula cha mchana, umweleze kila kitu pamoja na tindo. Wanaotoboa kuta ameshawaona, wanaokiri kwanza ndio wachache.

Tatu, mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya safu kama hiyo. Chumba kina kuta nne, na wewe ukachagua kutoboa ule mmoja usio wako peke yako! Ule wa upande wa ngazi, kwenye nyumba nyingi za namna hiyo, ni mbao na plasta tu. Gonga usikie. Ukilia kama ngoma, mwulize mkaguzi kama seremala anaweza kuusogeza vidole vitatu kuelekea ngazini bila kuharibu njia ya kutokea moto ukiwaka. Sinia lako la chai liko hapo. Na mnunulie mzee wa watu kitanda cha urefu wake.

Mzee Pask naye, akiwa anasomewa haya, ajue kwamba kwenye halmashauri kuna dawati la wapangaji, na haondolewi na mtu kwa kelele za nyundo. Akitaka kwenda kwa dada yake kupatana, aende na arudi.

Sasa kiini cha barua yako, ulichokizungusha kwa mabafu na mapipa. Hukuficha matokeo kwa sababu ya leseni. Uliyaficha kwa sababu ya bia ya bure na makofi. Rafiki yako wa miaka kumi na moja anakunja soksi akiamini humtaki, ili watu thelathini baa waendelee kuamini nyumba yako imeishinda ya meya. Ona haya, Lester. Ona haya kidogo tu, halafu nyanyuka, maana kukaa jikoni umekaa vya kutosha.

Gazeti hili linatoka Ijumaa, yeye anaondoka Jumamosi. Liweke chini, panda ngazi, piga hodi ingawa nyumba ni yako. Useme: "Mzee Pask, chumba chako kimefeli kipimo na mimi nilidanganya. Sitaki uondoke." Ni sentensi mbili. Utajisikia kuongeza ya tatu, yenye gari la maziwa ndani yake. Usiiongeze. Kaa kimya, umsubiri ajibu.